Majenerali Wawili Hawatazamani

Chumba cha kufulia cha jengo letu, hapa Husby, Sweden, kiko chini ya ardhi. Hata tukiwa tunaongea Kiswahili tunakiita tvättstuga kama Waswidi, maana tulikotoka hatukuwa na kitu cha namna hiyo. Ukutani kuna ubao wa chuma wenye siku na saa, na kila nyumba ina kufuli lake dogo lenye namba. Ukitaka zamu ya kufua, unachomeka kufuli lako kwenye tundu la siku yako, unazungusha ufunguo, basi. Hakuna anayeweza kuliondoa ila mwenye ufunguo.

Mbele ya ubao huo ndipo nilipomwona bibi kwa mara ya kwanza. Alikuwa mzee wa Kichina wa ghorofa ya pili, mfupi, mwenye sweta moja ya kahawia aliyoivaa baridi na joto. Alisimama na kufuli mkononi, akifikiri muda mrefu sana. Mwisho akalichomeka Alhamisi mchana, pembeni ya kufuli letu, akanigeukia.

"Haya," aliniambia kwa Kiswidi. "Cheza wewe sasa."

Niliinamia kapu letu la nguo. Mimi ni mtu wa aibu, na wakati huo nilikuwa bado naogopa Kiswidi changu mwenyewe. Yeye alicheka peke yake, akaingiza nguo zake kwenye mashine, akatoa mfukoni saa ndogo ya jikoni, ya njano, ile inayolia ti-ti-ti ukipika yai. Akaiweka juu ya meza ya kukunjia nguo. Kisha akafungua mfuko wake wa sokoni na kutoa ubao mwingine, wa karatasi ngumu, pamoja na vipande vya mbao vya mviringo vilivyochorwa maandishi ya Kichina, vyekundu na vyeusi.

Hivyo ndivyo nilivyojifunza sataranji ya Kichina, kati ya kufua na kukausha.

Sikuona ugumu wa yale maandishi. Shule yangu ni ya msingi tu, niliisomea katika kambi ya wakimbizi, na maandishi yoyote kwangu ni kazi ya polepole. Haya hayakuwa magumu kuliko mengine. Bibi alinionyesha askari, farasi, gari, mzinga unaoruka juu ya mtu kabla ya kuua. Katikati ya ubao kuna mto. Tembo hawavuki mto huo, hubaki upande wa nyumbani hadi mwisho. Na kila upande una jenerali ambaye hatoki katika kasri lake.

"Majenerali wawili hawatazamani," bibi alisema, akipitisha kidole kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine. "Lazima awepo mtu katikati. Ukimwondoa mtu wa mwisho wa katikati, umekosea. Hairuhusiwi."

Nilipomweleza mama yangu jioni alicheka hadi akaweka sufuria chini.

"Kama mkwe na mama mkwe kwetu! Bibi yako, mama yangu mimi, alikuwa anaruka mtaro akimwona baba yako anakuja njiani. Bon, Wachina nao wana adabu."

Kwa mwaka mzima na zaidi, Alhamisi ilikuwa yetu. Saa ya njano ikilia, bibi aliinuka kwenda kutoa nguo, nami nilibaki nikitazama ubao. Akirudi alihesabu vipande vyake kwa sauti, kama mwenye duka aliyeacha kaunta.

"Mdogo, umeiba farasi wangu?"

"Hapana, bibi." Neno bibi nililitumia kwa Kiswahili na alilipenda.

"Umetaka kuiba."

"Nimetaka, bibi."

Halafu siku moja saa ililia, akaenda, na hakurudi. Nilisubiri. Nilipomfuata nilimkuta amesimama mbele ya mashine iliyo wazi, mikono imening'inia, akizitazama nguo kama za mtu asiyemjua. Hakuwa analia. Alikuwa anangoja tu. Nilipomgusa bega alishtuka, akasema mashine za siku hizi zina kelele.

Tangu siku hiyo, kila saa ilipolia, mimi niliharakisha kusema: "Kaa, bibi. Nguo nitatoa mimi." Naye alijibu papo hapo, "Usiguse farasi wangu." Maneno hayo yakawa kama mlango wa chumba, nilipoyasema, yeye alibaki ndani salama.

Lakini mambo mengine yalianza kutokea. Kufuli lake lilionekana kwenye zamu za watu wengine. Jirani mmoja akabandika karatasi ukutani kwamba kuna watu wanaodhani jengo ni lao peke yao. Mwezi wa sita, katikati ya joto, bibi alishuka na viatu vya theluji. Alinipa chai yenye chumvi, akainywa ya kwake yote bila kukunja uso.

Nilikosea kumsimulia mama habari ya chumvi. Mama yangu anafanya kazi ya kuhudumia wazee majumbani, anapanda ngazi zao asubuhi hadi jioni. Hakucheka mara hii.

"Chumvi ndiyo wanaanza nayo," alisema. "Halafu viatu. Halafu jiko. Huyo mama anaondoka, binti yangu. Anaondoka na amekaa pale pale."

"Akicheza hakosei hata kidogo, mama."

"Vizuri. Lakini hakai kwenye ubao. Anakaa kwenye nyumba yenye jiko."

Na kweli kwenye ubao hakukosea. Hilo lilinitisha kuliko chumvi. Angeweza kusahau kama amekula, kisha mkono ule ule ukasogeza mzinga mahali ambapo mimi ningefikiri hadi kesho nisingepaona.

Mwanawe wa kiume aliishi Malmö, mji wa mbali na kwetu. Alikuwa na namba yangu, bibi mwenyewe alimpa, na kila Jumapili alinipigia. Alikuwa mtu mpole, sauti yake ya mtu aliyechoka.

"Samahani kukusumbua. Mama anaendeleaje?"

Bibi alikuwa ameshanishika mkono na kuniambia: "Ukimwambia, ananitoa hapa." Kwa hiyo nilijibu: "Anaendelea vizuri. Alhamisi amenifunga mara mbili."

"Anakula?"

"Anakula."

 Nilikuwa nikiyatazama madirisha ya jengo la mbele mpaka akate simu.

Kisha mjini ikaja michezo. Ilikuwa michezo mikubwa ya kimataifa, timu kutoka nchi nyingi, na mji mzima ulijaa bendera ndogo. Kulikuwa na riadha, kuogelea, mieleka, na katika ukumbi wa nyuma, pembeni ya mpira wa vinyoya, sataranji ya Kichina ya wanaume na ya wanawake. Nchi mwenyeji ilipewa nafasi ya timu ya wanawake, wachezaji wawili. Klabu ya Wachina mjini ilimjua bibi tangu zamani. Yeye akasema atacheza meza ya kwanza, na mwenzake wa meza ya pili ni mimi au hachezi.

"Ati unakwenda kuichezea Sweden?" mama aliuliza. "Wewe ambaye hata dukani unanituma mimi niulize bei?"

"Hakuna kuongea, mama. Ni kimya mwanzo hadi mwisho."

"Ah. Basi ndiyo maana."

Jumapili ile mwanawe alipopiga, hakuniuliza kama anakula.

"Nimepata nafasi kwenye nyumba ya wazee Skärholmen," alisema. "Nafasi hizi hazingoji. Nitakuja siku ya mwisho ya mashindano, nikae nimtazame mwenyewe. Nikimwona yuko sawa, nitaiachia nafasi iende. Nikimwona hayuko sawa, anahamia mwezi huo huo. Mama anajua. Nimemwambia."

Bibi alijua kweli. Nilimkuta ameshaweka sweta ya kahawia kwenye kiti, imepigwa pasi.

"Aniangalie nikicheza," aliniambia. "Akiniona nacheza, atanyamaza."

Nami niliamini hivyo. Kama kungekuwa na mahali popote duniani pa kumwonyesha mwanawe, ni pale mbele ya ubao. Tulichohitaji ni mashindano yapite bila yeye kuinuka kitini.

Siku ya kwanza mwamuzi, mwanamume mrefu mwenye miwani, alitukusanya wanawake wote akaeleza masharti. Hakuna simu. Hakuna kusema na mwenzako wa timu wakati wa mchezo, hata salamu. Kila meza ina saa yake, na muda wa mtu ukiisha saa italia. Akabonyeza moja ili tusikie.

Ti-ti-ti. Ti-ti-ti.

Ilikuwa sauti ile ile. Wanawake walikuwa wakiitazama saa. Mimi nilimtazama bibi. Kichwa chake kilikuwa kimegeukia mlangoni.

Siku hizo nililala vibaya na kula vibaya. Nilikuwa nacheza na huku nasikiliza. Nilifungwa mchezo wa kwanza, nikafungwa wa pili, nikatoka sare na msichana mmoja wa timu ya mbali ambaye alikuwa na mafua na nadhani alitaka tu kwenda kulala. Bibi alishinda yote. Wachezaji wa nchi nyingine walikuja kusimama nyuma yake kimya, wakatikisa vichwa. Saa haikulia hata mara moja, michezo yote iliisha mapema. Kila jioni kwenye treni ya kurudi Husby nilishukuru moyoni, na kila jioni sauti ya milango ya treni ikijifunga ilinifanya niushike mkono wake.

Siku ya mwisho mwanawe alikuja. Nilimtambua kwa namna alivyosimama, mabega mbele kama mama yake. Alikaa mstari wa kwanza wa watazamaji, nyuma ya kamba, upande wangu. Meza yangu ilikuwa kati yake na meza ya bibi. Bibi alipoingia hakumsalimia. Alinyoosha sweta, akakaa, akaviweka vipande vyake kimoja kimoja, taratibu, kila kimoja kikiangalia sawa.

Mpinzani wake alikuwa mwanamke wa makamo aliyekuwa bingwa kwao, mwenye kucha fupi na uso usiosema kitu. Mimi nilipewa msichana wa rika langu. Tukaanza.

Nilicheza vibaya kuliko siku zote kwa sababu macho yangu hayakuwa kwenye ubao wangu. Niliona bibi akivusha askari mto mapema. Nikaona mzinga wake ukija katikati. Nikaona yule bingwa akiegemeza shavu mkononi, na hapo nikajua bibi ameshamshika. Nyuma yangu mwanawe alikohoa kidogo. Nilifikiri: ameona. Anaona jinsi mkono ule usivyotetemeka. Hatua chache tu, bibi, chache tu.

Meza ya tatu kulikuwa na msichana aliyekwama. Kwa muda mrefu alikuwa amefunika masikio na kuinamia ubao wake, na namba kwenye saa yake zilikuwa zinapungua, naye hachezi. Nilitaka kumpigia kelele acheze chochote. Nilitaka kumsogezea mimi. Nilikaa.

Ti-ti-ti. Ti-ti-ti.

Bibi aliinuka.

Hakuinuka kama mtu aliyechanganyikiwa, laiti angeinuka hivyo. Aliinuka kama mwenye nyumba. Alichukua mfuko wake wa sokoni chini ya kiti, akakung'uta sweta, akaanza kutembea kati ya meza.

"Nguo zimekwisha," alisema kwa Kiswidi, kwa sauti ya kawaida, na katika ukumbi ule ilisikika hadi ukutani.

Yule bingwa aliinua uso. Mwamuzi aligeuka. Bibi alifika penye mlango wa chumba cha vyombo vya michezo, akaufungua, akaona mipira na nyavu, akasimama. Mikono yake ikaanza kushuka. Niliijua hiyo mikono. Niliijua ile namna ya kungoja.

Maishani mwangu sijawahi kusema neno mbele ya watu bila kuulizwa. Lakini kinywa changu kilikuwa kimezoea sauti ile ya saa kuliko nilivyojua.

"Kaa, bibi," nilisema. "Nguo nitatoa mimi."

Aligeuka. Uso wake ukafunguka.

"Usiguse farasi wangu," alisema, akarudi mezani, akaketi.

Watu wakacheka. Hawakucheka vibaya, ukumbi ulikuwa umebana kwa siku kadhaa na walihitaji kucheka. Hata bingwa yule alitabasamu. Mwamuzi alikuja haraka akaniuliza nimemwambia nini mwenzangu. Nilimweleza. Akamuuliza bingwa kama anadai mchezo, kwa kuwa sharti limevunjwa. Yule mwanamke alimtazama bibi, ambaye alikuwa anahesabu vipande vyake kwa kidole, kisha akasema kwamba kuhusu nguo hana dai lolote. Waendelee.

Bibi alisogeza gari. Halafu farasi. Bingwa akainamisha kichwa, akamlaza jenerali wake.

Watu walipiga makofi. Mimi nilikuwa nimeshafungwa kwenye meza yangu bila kujua ni lini. Nilipogeuka, mwanawe alikuwa amevuka kamba. Yeye pekee katika ukumbi ule hakuwa amecheka.

"Nguo gani?" aliniuliza.

Jumapili zote zile nilikuwa na jibu.  Nyuma yangu nilisikia bibi akisukuma kiti chake.

"Umekuwa ukimwambia hivyo mara ngapi?" mwanawe aliuliza tena, polepole, na sauti yake haikuwa na hasira hata kidogo. Ningependa ingekuwa nayo.

"Kila saa inapolia," nilisema.

Nilikuwa bado nimesimama kati yao. Kisha mtu wa klabu alinivuta mkono ili nikatie sahihi matokeo, nikasogea hatua moja pembeni. Wakatazamana.

"Umeniona?" bibi alimuuliza. Alikuwa amesimama wima, mfuko kifuani. "Nimemfunga bingwa."

"Nimekuona, mama."

"Basi."

"Nimekuona," alirudia, akambusu kichwani, na alipoinua uso macho yake yalikuwa mekundu. Bibi alinitazama juu ya bega lake. Sijui kama alielewa. Nadhani katika dakika ile alielewa kila kitu, na hiyo ndiyo dakika ninayomwomba Mungu bibi awe ameisahau.

Alihama kabla ya majani kubadilika rangi. Kufuli lake lilibaki ubaoni, Alhamisi mchana, na ufunguo akaondoka nao. Mama anasema nimwambie mwenye nyumba aje alikate, kuna watu wanahitaji zamu. Sijamwambia. Alhamisi saa hiyo chumba kinakaa kitupu, mashine zote wazi.

Skärholmen ni mbali kutoka kwetu. Unabadilisha treni mjini, halafu ile ya mstari mwekundu inavuka maji. Nilipokwenda mara ya kwanza nilibeba ubao. Bibi alikuwa dirishani, amevaa sweta ya mtu mwingine, ya bluu. Aliniita mdogo. Tulipanga vipande. Alianza kwa mzinga katikati, kama siku zote, na kwa muda nilisahau tulipo.

Kisha koridoni kengele ikalia. Kila mzee pale ana kitufe shingoni, na akikibonyeza, sauti hutoka kwenye kila ukuta hadi mhudumu afike.

Ti-ti-ti.

Bibi aliinuka na kutafuta mfuko wake.

"Kaa, bibi. Nguo nitatoa mimi."

Akakaa. Akachukua askari, na kabla hajamweka chini, ikalia tena, chumba kingine. Akainuka. Nikasema. Akakaa. Ikalia tena. Mchezo wetu haukufika mbali siku ile. Sketi ilipopanda nilimwona na alama za bluu mapajani, za kugonga ukingo wa meza, na nikaelewa kwamba hivi ndivyo anavyokaa kutwa: anainuka, anatafuta nguo, anasimama koridoni akingoja, mpaka mtu amrudishe.

Wakati wa kuondoka nilimkuta mhudumu akisukuma toroli la chakula, dada wa Burundi, nilimjua kwa Kiswahili alichokuwa akiongea kwenye simu. Nilivuta pumzi nikamsogelea.

"Dada, samahani. Yule bibi wa dirishani. Kengele ikilia anainuka."

"Eh, huyo! Anatembea huyo, hachoki. Tutamfungia mkanda kitini tu, watu wa juu wameshasema."

"Ukimwambia akae, kwamba nguo utatoa wewe, atakaa. Sema hivyo tu."

"Nguo zipi, mdogo wangu?"

"Zozote. Hakuna nguo."

Alinitazama, akatazama toroli lake, na vyumba vilivyobaki mbele yake, vingi.

"Kwa Kiswidi?"

"Kwa Kiswidi." Nilimwambia maneno yote, akayarudia baada yangu, akakosea moja, nikamsahihisha. Akasema sawa, atajaribu, akaenda.

Nilibonyeza lifti. Ilipofika, kengele ililia nyuma yangu, na kutoka chumba cha bibi nikasikia kiti kikisukumwa. Nilishika mlango wa lifti kwa mguu usijifunge, nikasimama hapo nikisikiliza kama kuna atakayemwambia akae.